Tairi la Misimu Yote kwenye Barabara za Arusha: Continental Grand Prix 5000 AS TR na Wenzake

Continental ya Ujerumani ilipotoa tairi la Grand Prix 5000 AS TR (AS ni misimu yote, TR ni tayari kutumika bila tyubu) mwaka 2023, ilimlenga zaidi mwendeshaji wa Ulaya asiyetaka kuiweka baiskeli yake ghalani mwezi Novemba, wakati lami imelowa, giza linaingia mapema na kingo za barabara zimejaa majani na changarawe. Arusha haina Novemba ya namna hiyo. Ina masika ya Machi hadi Mei yanayoshusha udongo wa mlimani hadi katikati ya lami, ina mawingu na ubaridi wa Juni hadi Agosti, ina vuli, na kati ya vipindi hivyo ina jua kali na vumbi jepesi la volkano linaloingia kila mahali. Ninachotaka kupima hapa ni kama tairi lililobuniwa kwa ajili ya majira ya baridi ya Ulaya linamfaa mtu anayeendesha baiskeli ya barabarani mwaka mzima kati ya Moshi, Arusha na Namanga. Jibu langu ni kwamba linamfaa, tena kuliko mengi yanayouzwa kwa bei hiyohiyo, ila kwa masharti mawili: liwe na upana wa milimita 32 ikiwa fremu inaruhusu, na mwenyewe awe mtu wa kufuatilia dawa ya kuziba pancha iliyomo ndani.

Matairi yasiyo na tyubu, yaani tyubulesi, yaliingia kwenye baiskeli za barabarani yapata mwaka 2006, Hutchinson ya Ufaransa na Shimano ya Japani zilipoleta sokoni tairi na gurudumu vilivyotengenezwa vikae pamoja, na kwa miaka mingi baadaye yalibaki kitu cha wachache kwa sababu yalikuwa mazito, ghali na magumu kuvalisha. Continental ilijiunga na safari hiyo ikiwa imechelewa. Grand Prix 5000 ya kwanza, ya mwaka 2018, ilikuwa na toleo la tyubulesi lililobana rimu kiasi kwamba mafundi wengi walivunja vijiti vyao vya kuvalishia kabla ya kumaliza gurudumu moja, na halikuruhusiwa kwenye rimu zisizo na kulabu za ndani za kushika mdomo wa tairi. Toleo la S TR la mwaka 2021 lilirekebisha yote mawili, na AS TR limejengwa juu ya msingi huo. Tofauti iko kwenye silaha: mbali na tabaka la nyuzi ngumu za Vectran chini ya mpira unaogusa barabara, ambalo S TR pia linalo, mbavu zake zimefunikwa kwa kitambaa kigumu cha nailoni ambacho Continental inakiita DuraSkin. Mpira wenyewe ni ule mchanganyiko wa BlackChili unaotumika kwenye matairi yao ya mashindano. Uzito umeongezeka kidogo ukilinganisha na S TR, na wepesi wa kubingirika umepungua kidogo, mambo ambayo mtu anayeshindania nafasi atayahisi na mtu anayekwenda kazini au anayefanya safari ndefu za Jumamosi hatayajali.

Kwa barabara zetu, habari kubwa iko kwenye mbavu hizo. Tundu dogo katikati ya tairi, pale penye mpira mnene, dawa italiziba bila mwendeshaji kujua kwamba lilikuwepo. Mpasuko wa ubavuni ni jambo jingine, kwa sababu ubavu unajikunja kila gurudumu linapozunguka na kidonda chake hakipati nafasi ya kutulia, hivyo dawa huendelea kuvuja, na mara nyingi tairi linaishia hapo hata kama kashata zake bado ni mpya. Mtu anayelazimishwa na basi kushuka kwenye lami hadi kwenye bega la barabara, ambako ukingo wa lami umemeguka na kuacha meno makali, anajua ubavu unavyosagwa. Matairi mepesi ya mashindano huonyesha nyuzi zao mapema sana katika mazingira hayo. AS TR hukwaruzika, lakini kitambaa chake hakifunguki kirahisi, na hilo peke yake ndilo linalonifanya niliweke juu ya S TR ingawa S TR ni tamu zaidi kuendesha.

Adui wa pili ni waya. Malori yanayopita barabara kuu hupasua matairi, vipande hubaki kando, jua na magari huvisaga, na kinachobaki ni nyaya nyembamba za chuma zenye urefu wa ukucha ambazo jicho haliwezi kuziona kutoka juu ya baiskeli. Zinaingia taratibu, gurudumu likizisukuma kila mzunguko, na kwa mtu mwenye tyubu ndizo zinazoleta ile pancha ya kuudhi ambayo upepo unatoka polepole na fundi anatafuta chanzo chake kwa vidole bila kukipata. Hapa tyubulesi haina mpinzani. Tundu la waya ni dogo kiasi kwamba dawa inalifunga papo hapo, na mara nyingi utagundua waya huo wiki kadhaa baadaye unapoosha baiskeli, ukiwa umezungukwa na kidoa kidogo kilichokauka.

Miiba ina tabia tofauti. Kwenye barabara ya Namanga, ukishapita Ngaramtoni na Oldonyo Sambu na kuanza kuteremka kuelekea Longido, migunga hukaribia lami na miiba yake mirefu hupeperushwa na upepo au hubebwa kwenye kwato za mifugo. Kwenye vitongoji vya Arusha na Usa River kuna michongoma, ambayo wenye nyumba huipunguza na kuacha matawi barabarani. Mwiba wa mgunga hupita kwenye tabaka la Vectran ukiingia kwa pembe nzuri, na hakuna tairi la barabarani la uzito wa kawaida litakalouzuia kila mara. Tofauti ni kwamba mwiba huziba tundu lake wenyewe, na dawa inamalizia pembeni. Ushauri wa mafundi wenye uzoefu ni kutouchomoa njiani: ukate ulipotokeza, endelea na safari, uushughulikie nyumbani ukiwa na pampu na dawa karibu.

Kuhusu upana, wengi bado wananunua milimita 25 kwa mazoea, na AS TR linapatikana kwa upana huo, pamoja na 28, 32 na 35. Ningewaomba wafikirie upya. Dawa ya kuziba inafanya kazi kwa kubebwa na upepo unaotoka hadi kwenye tundu na kuganda pale, na upepo ukiwa mwingi mno hurusha dawa nje kabla haijashika. Tairi jembamba linahitaji upepo mwingi ili rimu isigonge mashimo, kwa hiyo linaidhoofisha dawa yake lenyewe. Mtu wa kilo 75 anayetumia milimita 25 atajaza psi 80 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) au zaidi, na hapo dawa itahangaika hata na tundu la kipande cha chupa. Mtu huyohuyo kwenye milimita 32 anaweza kwenda na psi 55 hadi 60, akapata ulaini juu ya rasta na matuta, na tundu lilelile likafungwa kabla hajahisi lolote isipokuwa matone machache mgongoni. Faida za tairi pana katika starehe zinasemwa sana. Hii ya dawa kufanya kazi vizuri haisemwi vya kutosha, nami naiona kubwa kuliko ile ya starehe.

Kizuizi ni fremu. Baiskeli za zamani zenye breki za kubana rimu nyingi hazipitishi zaidi ya milimita 25 au 28, na hata fremu mpya inayosema inapokea 32 inapaswa kupimwa, kwa kuwa tairi hupanuka likikaa kwenye rimu yenye upana wa ndani wa milimita 23 au 25. Acha angalau milimita 4 kila upande. Wakati wa masika, nafasi hiyo ndiyo inayoamua kama tope litapita au litasimamisha gurudumu.

Sasa suala la rimu zisizo na kulabu, ambalo nataka kulikazia kwa sababu ni la usalama. Magurudumu mengi mapya ya kaboni hayana ule ukingo wa ndani unaoshika mdomo wa tairi, na viwango vya kimataifa vya ISO na vya ETRTO, shirika la Ulaya la viwango vya matairi na rimu, vimeweka ukomo wa bar 5, yaani takribani psi 72, kwa rimu za aina hiyo. AS TR linaruhusiwa kwenye rimu hizo. Tatizo liko kwenye vituo vya mafuta, ambako wengi wetu tunakwenda kutafuta mkupuo mkubwa wa upepo unaohitajika ili mdomo wa tairi urukie mahali pake. Kompresa ya kituoni imewekwa kwa ajili ya malori, na tairi la baiskeli ni dogo kiasi kwamba linavuka psi 100 kabla kijana anayeshika mpira wa upepo hajasoma saa yake. Mdomo wa tairi ukitoka kwenye rimu kwa nguvu hiyo, unaweza kumuumiza mtu aliyeinama karibu. Nenda na kiunganishi kidogo cha shaba cha kubadilisha vali nyembamba ya baiskeli iwe kama ya gari, nenda na kipimo chako mwenyewe, jaza kwa mguso mfupi mfupi, na ukiweza fanya kazi hiyo nyumbani kwa pampu kubwa ya kusimama: toa kiini cha vali, paka maji ya sabuni kwenye midomo ya tairi, kisha piga pampu haraka bila kupumzika. Kwa uzoefu wangu AS TR la 32 hukaa kwa njia hii bila kompresa, mradi tepu ya rimu ni mpya na inafunika upana wote wa ndani kutoka ukingo hadi ukingo. Pale tairi linapokataa kukaa, ningeitilia shaka tepu kabla ya tairi.

Kwenye mvua tairi hili linastahili jina lake. Mteremko wa lami iliyolowa, hasa katika dakika za mwanzo za mvua wakati mafuta na vumbi vya siku nyingi vinapoelea juu, ndio mtihani mgumu kuliko yote, na hapo mchanganyiko wa mpira ndio unaofanya kazi. Wapo wanaochagua tairi la mvua kwa kuangalia mistari iliyochongwa juu yake, kama tunavyofanya kwa magari. Kwa baiskeli mistari hiyo ni mapambo tu, kwa kuwa tairi lake ni jembamba, lina upepo mwingi na linakwenda taratibu kiasi kwamba maji hayawezi kulinyanyua kutoka kwenye lami. Vichongo vya pembeni vya AS TR husaidia kidogo kwenye moramu iliyoshindiliwa, basi. Jambo ambalo mvua hulifanya kweli, na ambalo wengi hawalitarajii, ni kuongeza pancha: mpira uliolowa hukatwa na kioo kwa urahisi zaidi kuliko mpira mkavu, na maji yanayofurika kutoka mitaroni huleta vioo na kokoto barabarani. Baada ya mvua kubwa, pitisha kidole na jicho juu ya tairi zima na utoe vipande vilivyojichimbia kabla havijafika ndani.

Tairi lenye alama ya kuakisi mwanga ubavuni lipo pia, na kwa anayerudi jioni kwenye barabara ya Moshi ningesema achukue hilo bila kufikiria mara mbili.

Sasa dawa. Nyingi zinatengenezwa kwa utomvu wa mpira uliochanganywa na kimiminika cha kuuzuia usigande pamoja na chembe ndogo za kuziba, na zote zina udhaifu mmoja, nao ni kukauka. Stan's ya Marekani, ambayo imekuwa kwenye biashara hii tangu 2001, inasema dawa yake hudumu kati ya miezi 2 na 7 kulingana na joto na ukavu wa hewa. Kwa Arusha, na zaidi kwa Moshi au tambarare za Longido, hesabu miezi 2 hadi 3 na usijidanganye kwa namba kubwa. Baiskeli inayoachwa juani nje ya ofisi hukausha dawa haraka kuliko inayokaa kivulini. Tairi la 32 linahitaji mililita 50 hivi, na namna rahisi ya kukagua ni kutoa kiini cha vali, kugeuza gurudumu hadi vali iwe chini, na kuchovya kijiti chembamba. Kikitoka kikavu, una tairi lisilo na tyubu na lisilo na kinga yoyote, ambalo ni baya kuliko tairi la kawaida lenye tyubu nzuri. Ratiba inayofaa kwetu ni kuongeza dawa kila miezi 2 hadi 3, bila kusahau kabla ya Januari na kabla ya masika, na katikati ya mwaka kuvua tairi, kung'oa ngozi iliyokauka na kuanza upya. Tahadhari moja zaidi: mitungi midogo ya gesi ya kaboni dioksidi (CO2) ya kujazia upepo njiani hugandisha baadhi ya dawa za utomvu, hivyo pampu ya mkono ni bora.

Tundu likishinda dawa, utahitaji utambi wa mpira unaosukumwa kwa sindano maalumu, kitu kinachofanana na kile ambacho mafundi wa matairi ya magari wanakitumia, ila chembamba. Beba na tyubu ya akiba. Hapa kuna mtego ambao maelezo ya watengenezaji huupita kimyakimya: tairi lililopita katika miiba kwa miezi kadhaa lina ncha nyingi ndani ambazo dawa ilizifunga bila wewe kujua, na tyubu ukiiweka bila kuzing'oa itatoboka kabla hujafika kituo kinachofuata. Pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, si kidole, na chochote kinachoshika nyuzi za kitambaa kitolewe. Fundi wa pancha wa kando ya barabara atakusaidia kwa kiraka na kwa nguvu za mikono, lakini usitarajie awe na tyubu ya milimita 622 (kipimo cha gurudumu la baiskeli ya barabarani) yenye vali nyembamba; hiyo ni juu yako.

Wapinzani wapo, na wawili wanastahili kuzungumziwa. Pirelli Cinturato Velo TLR, ambalo lilitoka mwaka 2018, ni tairi la mtu anayechukia pancha kuliko anavyopenda kasi. Ni zito na mwendo wake ni mgumu, lakini mpira wake ni mnene na tabaka lake la kinga lenye nyuzi za aramidi linavumilia barabara mbovu kwa muda mrefu. Kwa mwendeshaji mzito, au anayebeba mizigo kwenye baiskeli ya safari, ningelichagua hilo la milimita 35 mbele ya Continental. Vittoria Corsa N.EXT la mwaka 2022 ni la upande mwingine: linatumia nailoni badala ya pamba inayotumika kwenye matairi ya bei ya juu ya kampuni hiyo, na kwa nchi yenye masika hilo ni uamuzi wa busara kwani nailoni hainywi maji kama pamba. Linakwenda vizuri kuliko AS TR, linashika lami vizuri, ila ubavu wake hauwezi kushindana na DuraSkin kwenye kingo zilizomeguka. Anayeendesha ndani ya mji na kwenye lami nzuri tu atafurahi nalo. Schwalbe One la tyubulesi ni la bei ya kati, linavaa kwa urahisi kuliko yote niliyoyataja, na halina kosa kubwa wala sifa kubwa. GravelKing Slick la Panaracer ni zuri pia kwa mtu ambaye nusu ya njia yake ni moramu.

Bei ya AS TR ughaibuni mara nyingi hupita euro 60 kwa tairi moja, na ukiongeza usafirishaji na kodi, jozi moja inakuwa gharama ya kufikiriwa na familia nzima. Ndiyo maana ushauri wa kununua moja kwa wakati una maana. La nyuma huchakaa haraka zaidi kwa kuwa linabeba uzito mwingi na ndilo linalosukuma, na kuna vishimo viwili vidogo juu ya mpira ambavyo vikifutika, muda wake umekwisha. Hapo hamisha la mbele liende nyuma na jipya likae mbele, ambako mshiko ndio unaokuzuia usianguke. Kagua pia tairi unaloletewa kabla ya kulipa salio, hasa ukinunua kwa mtu anayeuza bidhaa zilizokaa: herufi TR lazima zionekane ubavuni, kwani kuna Grand Prix 4 Season la zamani linalofanana nalo kwa jina na kazi ambalo ni la tyubu peke yake, na wauzaji wengine huyachanganya.

Kuna watu ambao nisingewashauri kununua tyubulesi ya aina yoyote. Anayetumia baiskeli mara chache kwa mwezi, asiye na pampu kubwa nyumbani, au ambaye rimu zake hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, atapata amani zaidi kwa Schwalbe Marathon Plus lenye tyubu, ambalo chini ya mpira wake kuna tabaka la kinga lenye unene wa milimita 5. Ni zito mno na halina raha yoyote mlimani, lakini unaweza kulisahau kwa msimu mzima na kulikuta na upepo wake.